Peris Mutanu, Mkalimani wa Waliosalimisha Silaha

Ndugu waombolezaji, Peris Mutanu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Mua, Machakos, mtoto wa tatu wa hayati mzee Nzuki na hayati mama Wavinya, akasoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1989, kisha akasomea ualimu. Kuanzia 1993 alifundisha Kiswahili karibu na Lukenya, ambako watoto wa wachimba mawe walimwogopa kwa sababu ya ngeli na kumpenda kwa sababu ya uji aliowapikia kwa mshahara wake mwenyewe.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa kanisani na Bwana Musili, wakajaliwa watoto wawili, Linet na Wesley.

Mwaka wa 2013 aliajiriwa kuwa mkalimani wa kikosi cha waangalizi wa kimataifa, kilicholipwa na serikali za nje kusimamia upokonyaji wa silaha za makundi ya waasi mashariki mwa Kongo. Kiswahili cha kule kilimchekesha, na chake kikawachekesha wao, lakini wapiganaji walimzoea, kwa kuwa kila aliyetoka msituni na bunduki aliulizwa kwanza kama amekula. Kamanda mmoja, Bahati, alikaa miezi minane akisitasita, hadi Novemba 2024 alipowaleta watu wake kambini, wote pamoja naye mia moja arobaini na sita, baada ya Mutanu kumwahidi kwamba waangalizi watakuwapo mpaka kila mmoja afike kwao.

Februari 2025 wafadhili walisimamisha fedha, waangalizi wakapewa siku kumi kuondoka, na asubuhi ya safari Bahati alisimama mbele ya gari akamwambia, "Mama Mutanu, bunduki tulizitoa mbele yako. Sasa nani atatuangalia?" Mutanu alivua koti lake la mvua, akampa, akapanda gari.

Alirudi kwenye nyumba yao ya kupanga Mlolongo, na kila Jumanne akaenda Nairobi na faili lake, ubalozi hadi ubalozi, akiomba fedha za waangalizi wawili tu, akijibiwa kwa upole kwamba bajeti imefungwa. Mwezi wa Juni alipigiwa simu akiwa hapa shambani akivuna mbaazi, akaambiwa kwamba wapiganaji sitini wamerudi msituni, na Bahati, aliyekataa kuwafuata, ameuawa akiwa mikono mitupu. Aliketi palepale kwenye udongo, na Musili alipomfikia alimwambia, "Baba Linet, mimi ndiye nilimwambia tutakuwapo," naye mumewe akaketi kando yake.

Jumanne iliyofuata alikwenda tena Nairobi.

Septemba 2025 alianza kuumwa tumbo, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa mjini Machakos. Tarehe 20 Novemba Linet alimsomea barua ya shirika moja la kanisa la ng'ambo lililokubali kulipia waangalizi wawili kwa mwaka mmoja, naye akauliza, "Wamebaki wangapi?" akaambiwa themanini na watano, akaomba miwani aisome mwenyewe, akaisoma mara mbili, akalia. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2025, Musili akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Mua na Mlolongo waliotuletea chakula na maji bila kuombwa, walimu wenzake, na wakalimani watatu waliosafiri siku nne kwa basi kutoka Kongo, ambao wameketi hapa mbele. Nanyi wageni wetu kutoka Kongo, mkirudi kambini, waambieni watu wale kwamba Mutanu aliwatafutia waangalizi hadi nguvu zilipomwishia.

Pumzika, mama yetu, amani ya Mungu ikufunike.