Tawi la Msiba Kwenye Njia ya Mwendokasi

Assalamu alaykum madereva wenzangu, na nyie wa Bwana asifiwe pia nawasalimu. Leo nimerudi kwenye usukani, nina furaha mpaka miguu haitulii, nivumilieni.

Mnanijua, naendesha Noah hapa Nangurukuru. Asubuhi moja nilimchukua mama mmoja wa Kivinje, kafiwa na mama yake mzazi huko Mbagala, maziko alasiri. Nikakata tawi la mwarobaini, nikalifunga mbele ya gari kama tufanyavyo kwenye msiba. Njia nzima nikapishwa, hata na malori. Kichwa kikavimba.

Kufika Dar, foleni. Pale katikati njia ya mabasi ya mwendokasi iko tupu. Nikajiambia, barabara yenyewe inaitwa ya Kilwa, mimi mtu wa Kilwa, na tawi ninalo. Nikaingia. Ndugu zangu, nawaambia, basi lilipotokea mbele yangu nilikata usukani, nikapanda ukingo, ekseli ikakatika. Hatukuumia. Lakini tulipofika msibani kwa bajaji, jeneza limeshatoka. Yule mama hakuuona uso wa mama yake, kwa sababu yangu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Gari likatengenezwa, mimi nikakataa kulishika. Nikisikia honi tu, naingia ndani. Wiki tano nashinda barazani.

Ndipo akaja mwenyewe, yule mama. "Mwanangu, keshokutwa arobaini ya mama. Utanipeleka wewe."

"Mama, nitakuchelewesha tena."

"Nicheleweshe. Bora unifikishe."

Mnasikia maneno hayo? Tukatoka alfajiri. Foleni ya Mbagala nikaikalia kwa adabu, kama niko mkekani kwenye shughuli. Bodaboda wananiambia, "Mzee, chomekea pale." Sichomekei. Tukafika dua haijaanza, jamani. Akanishika mkono, akanikalisha na wafiwa, nikalia bila haya.

Namshukuru mke wangu, alinivumilia barazani. Namshukuru na yule trafiki wa kike aliyekuja siku ya ajali, akanieleza bila kunifokea kwamba njia ile ni ya mabasi ya mwendokasi na magari ya dharura, ambulansi na zimamoto, siyo ya magari yenye matawi. Na mama yule, Mungu amzidishie.

Kupishwa ni hisani ya watu, usiigeuze haki yako. Mwenye safari ya Dar atoke mapema. Mimi nilisamehewa, lakini yeye uso wa mama yake hatauona tena.