Kibao cha Mlangoni kwa Edah Moraa

Leo Jumatano, tarehe 17 Oktoba 2007, tumekuja hapa Handsworth, Birmingham, kumzika dada yangu, Edah Moraa. Mimi ni Gertrude, mdogo wake. Mnivumilie, kuna jambo lazima nilitoe.

Edah alizaliwa Nyamira tarehe 3 Machi 1950, kifungua mimba wa baba yetu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, akaacha ili karo ipatikane ya kunisomesha mimi. Hakunikumbusha hata siku moja.

Mwaka 1971 aliolewa na Zablon, fundi wa magari. Walihamia Birmingham mwaka 1980, wakajaliwa binti mmoja, Nyaboke. Zablon alitangulia mwaka 1999.

Kwa miaka kumi na minne marehemu alikagua vipuri katika kiwanda cha Wajapani. Mashine ikisimamishwa, ilitundikwa kibao chenye alama hii: 休. Msimamizi wake, Bwana Okuda, alimfundisha kuisoma. Kushoto ni mtu, kulia ni mti. Mtu ameegemea mti, anapumzika. Kwao Japani alama hiyohiyo huandikwa kwa siku ya mapumziko, duka lililofungwa, likizo ya shule, hata mfanyakazi aliyekosa kazini kwa ugonjwa. Na sheria ya kiwanda ilikuwa moja: aliyekitundika kibao ndiye anayekiondoa. Mwingine akikigusa, mashine inaweza kuwashwa mkono wa mwenzake ukiwa ndani.

Alipostaafu mwaka jana kwa sababu ya presha, Okuda alimzawadia kibao kimoja. Akawa anakitundika kwenye mlango wa chumba chake cha kulala kila alipopumzika, na sheria yake akaja nayo. Siku moja mchungaji alibisha. "Pasta, kwani husomi?" Edah akamwuliza kutoka ndani. "Mtu yuko kwenye mti wake." Pasta alinywa chai peke yake.

Jumatatu tarehe 8 Oktoba nilifika kwake saa saba na nusu mchana. Kibao kilikuwa mlangoni. Nikaketi kwenye ngazi kungoja. Saa nane nikamwita kwa sauti ya chini, hakuitika. Niliinuka mara tatu, na mara tatu nikaketi, nikiogopa kunung'unikiwa. Saa kumi Nyaboke alitoka kazini, akafungua mlango, akamkuta mama yake ameshafariki.

"Aunty, mbona hukufungua tu?" aliniuliza.

Daktari alisema moyo ulisimama mchana huo, saa hasa haijui. Mimi pia siijui, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Labda alinisikia nikimwita.

Ameacha binti yake Nyaboke, mimi mdogo wake, na jirani yake Ranjit, aliyemletea dawa kila Ijumaa.

Sheria niliyoitii siku isiyofaa, leo asubuhi nimeivunja. Nimekiondoa kibao mlangoni, nikamwekea kifuani ndani ya jeneza. Siku ya ufufuo atakiondoa mwenyewe. Mpaka siku hiyo apumzike kwa amani, asiamshwe na mtu.

Dada, mimi bado nimekaa kwenye ngazi.