Mama Sare, Aliyekataa Figo ya Mwanawe

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa fundi wa breki za mabehewa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989, kisha akasomea ushonaji.

Alishona sare za shule katika chumba kimoja nyuma ya posta. Hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja kabla ya kukata kwanza kitambaa chakavu na kuona kosa liko wapi.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1994 na dereva wa lori la maji. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa kazi, kama zilivyomshinda mama yetu. Akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine, maji akipimiwa kwa kikombe. Vipimo vilionyesha kuwa figo ya binti yake inamfaa. Binti alibembeleza, akanuna, akasusa kula. Mama yake alimwambia, "Ugonjwa huu ni wa ukoo, mwanangu. Ukikufikia nawe umebaki na moja, nitakutazama kwa macho gani?"

Hospitali ya chuo ilipotafuta watu wa kujaribiwa figo ya nguruwe aliyebadilishwa vinasaba, alijitokeza. Daktari hakumficha: mwili ungeweza kuikataa, na dawa za kuutuliza mwili zingefungulia mlango maradhi mengine. Alijibu kwamba hata yeye huanza na chakavu. Kaka yetu, ambaye kwake nguruwe ni najisi, aliapa kutomshika mkono tena. Wifi yake, dada wa mumewe, akamtania, "Ukianza kukoroma tutajua imeshika." Akajibu, "Nakoroma tangu niolewe, muulize kaka yako."

Alipasuliwa tarehe 9 Juni 2024. Figo ilitoa mkojo angali mezani. Wiki hiyo alikunywa glasi nzima ya maji, taratibu, macho ameyafumba.

Septemba mwili uliigeuka. Dawa ziliongezwa, mapafu yakaoza kwa maambukizi, figo ikatolewa. Alifariki tarehe 21 Novemba. Kaka alifika dada akiwa amekwisha kufunikwa, akamshika mkono juu ya shuka.

Kwa idhini yake, madaktari wamebaki na figo ile waichunguze. Watakachojifunza hatukijui.

Ameacha mume, kaka, mimi mdogo wake, na binti ambaye bado hajamsamehe, mwenye figo zote mbili.

Alale kwa amani. Hakuna tena wa kumwamsha aende kwenye mashine.