Saraka ya Nane Yamkataa Sutan

Lapau ya Etek Rabaini, kibanda cha kahawa cha mama huyo huku Sumatra, ina benchi moja refu, meza iliyopauka na dirisha linaloitazama barabara ya Bukittinggi. Watu wakishatoka msikitini alfajiri, wanaume wa Koto Salayan hukaa pale kunywa kahawa ya majani ya mbuni kwenye vifuu, pamoja na ndizi za kukaanga na wali wa kunata. Pembeni kabisa hukaa Breki, aliyeendesha basi la Pekanbaru miaka thelathini, na hakuna abiria anayekumbuka akilisimamisha taratibu. Mbele yake ni Antena, fundi wa madishi ya televisheni, ambaye kila tatizo la dunia kwake huletwa na upepo. Katikati hukaa Jusri, karani mstaafu wa miaka sitini na mitano. Ila jina hilo halitamkwi pale. Mwanamume akioa hupewa jina la heshima, na kumwita lile la utotoni mbele za watu ni kumvua nguo. Kwa benchi lote yeye ni Sutan Panduko.

Alhamisi hiyo Sutan aliifungua kompyuta yake kabla hata ya kuagiza, na Etek Rabaini akajua kuna jambo.

Jambo lenyewe walikuwa wanalijua nusu. Mama yake Sutan, Amai Nursiah, ana miaka tisini na mmoja. Kwa mwaka mzima amekuwa akisimulia kila wiki nani alimzaa nani, na chumba kipi cha nyumba kubwa ya ukoo kilikuwa cha nani, na mwanawe akiyarekodi na kuyatoa kama podikasti ili ndugu waliotawanyika wayasikie. Kipindi cha wiki hii kilikuwa tofauti. Humo Amai anamwita mdogo wake, Salamah, aliyevuka na mumewe kwenda Malaya mwaka 1961 na hakurudi. Na Jumapili ukoo unakutana kuamua kuhusu Salamah. Kwao ukoo hufuata mama. Mwanamke asiyejulikana kuwa na watoto, mstari wake hufungwa kwenye chati kwa wino mweusi, na chumba chake hupewa wengine. Chati anaitunza Sutan. Kalamu ingekuwa mkononi mwake.

Zamani alikuwa akipandisha kila kipindi kwa mkono kwenye saraka nane za kusikilizia podikasti, moja baada ya nyingine. Mwezi uliopita alichoka, akairuka moja siku ya kipindi cha masahihisho. Ndugu wa Jakarta wakasikia kwamba babu alioa mara mbili, wa Medan wakabaki na ndoa tatu, na simu zikalia wiki nzima. Hapo akaapa kwamba kipindi atakiweka mahali pamoja tu, kwenye mlisho wake, yaani orodha yake ya vipindi mtandaoni, na saraka zote zitakuja zenyewe kuchota. Saba zilikuwa zimekubali. Ya nane, ile inayosikilizwa sana ng'ambo, ilikuwa imekataa.

— Imesemaje? aliuliza Breki.

— Imesema mwenye podikasti hajathibitika.

— Hajathibitika kwa nani? Sisi si tunamjua?

Antena alitaka kujua kwanza kompyuta imeelekea upande gani. Alipoambiwa hilo halihusiki, akasema basi ni upepo wa Mlima Singgalang. Breki akapinga. Yeye mipaka anaijua: hapo kuna afisa kaamka vibaya, anataka kuona karatasi. Antena akakubali kuna afisa, akamwongezea miwani na daftari. Afisa kaliangalia jina la Sutan Panduko, kakuta lilikuwa la mjomba mtu kabla ya kurithiwa, na mjomba kazikwa. Kwa hiyo mbele yake kuna marehemu anaomba kutangaza.

— Hata mimi ningekataa, alisema.

Breki akaona dawa ni barua ya wazee wa koo zote nne, yenye mihuri. Antena akasema barua haitoshi, achinjwe nyati kama kwenye sherehe ya kupewa jina, picha itumwe. Etek Rabaini, akigeuza ndizi kwenye mafuta, aliuliza kama afisa huyo atatengewa nyama ya nyati au atakula picha.

Sutan hakucheka. Aliusoma ujumbe ule mara ya tatu, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma hati za mashamba ofisini. Kisha akavua miwani.

— Antena umekaribia. Akaunti niliifungua kwa kitambulisho. Kwenye mlisho nikajiandika Sutan Panduko. Wao wanaona watu wawili.

— Si uandike la kwenye kitambulisho, Sutan? alisema Etek Rabaini.

Jina la utotoni, kwenye saraka nane, wakwe wa Payakumbuh wakisikiliza kila wiki baada ya chakula. Breki alisema kwa sauti ya chini kwamba shemeji zake Sutan si watu wa kusahau.

Sutan mwenyewe alikuwa anawaza jambo jingine. Mwisho wa kila kipindi Amai huuliza, "Jusri, bado inarekodi?" Na kila wiki, kwa mwaka mzima, yeye amekuwa akilikata swali hilo kabla ya kutoa kipindi. Hakuna mwingine aliyebaki duniani anayemwita hivyo.

— Salamah alivuka nikiwa na miaka miwili, alisema. Alikuwa akinibeba mgongoni. Jina la Sutan Panduko yeye halijui.

Akafuta jina kwenye mlisho, akaandika Jusri. Halafu akakitafuta kile kipande cha mwisho alichokuwa amekikata, akakirudisha mahali pake. Akabonyeza. Namba ya kuthibitisha ikaingia kwenye barua pepe, akaiandika, akafunga kompyuta. Breki alipokwisha kushindwa domino mara mbili, Antena aliitazama simu yake. Kipindi kilikuwa kimefika saraka ya nane chenyewe, bila mtu kukigusa. Akaiweka simu mezani, wote wakasikiliza hadi lile swali la mwisho la Amai. Hakuna aliyelitania.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dereva wa lori la mboga kutoka Solok, mgeni, ambaye tangu aingie alikuwa amekula tu. Akafuta mikono.

— Samahani, wakubwa. Huyo mama Salamah akisikia, au mwanawe, ajibu wapi?

Etek Rabaini aliinua kijiko cha kukaangia, akasahau kukirudisha. Vipindi hamsini na viwili, saraka nane, na hakuna hata kimoja chenye namba ya simu.

Sutan akaifungua tena kompyuta. Kwenye maelezo ya mlisho, mahali pamoja tu, akaandika namba yake, na chini yake: nyumba ni ile ile, chumba cha Salamah bado ni cha tatu. Zile saraka nane zingekuja kuchota.

— Na Jumapili wakitaka mstari ufungwe? aliuliza Breki.

— Watasubiri.

— Wazee wasubiri kwa amri ya nani?

— Waambie Jusri kasema.

Breki alisogeza kifuu chake aongezewe. Etek Rabaini akainamisha birika, likatoa matone mawili. Kahawa imekwisha, alisema. Lakini hata dereva wa Solok hakuinuka. Simu ya Sutan ilikuwa mezani kati ya domino, kioo kikitazama juu, na wote walikuwa wameiachia nafasi, endapo italia.