Advera Dionis Masolwa na Mnyama wa Kilindini (1979–2025)

Advera hakuugua. Jumatatu ya Pasaka alimenya viazi na mama yake hapa Mtendeni, akicheka. Jumanne, Aprili 22, 2025, saa moja asubuhi, mshipa ulimpasuka kichwani, akaanguka mlangoni, basi. Hata sasa familia haijaamini kwamba jeneza hili ni lake.

Alizaliwa Bukene, Machi 14, 1979, binti wa marehemu Mzee Dionis Masolwa na Mama Apolinaria. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Tabora, kisha chuo kikuu Dar es Salaam. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na moja. Alirudi likizo akasimulia kuwa maji yake kweli yana chumvi. Baba yake akauliza, "Nani kaitia?"

Kazi yake ilikuwa kuwatambua yavuyavu wa kilindini mwa bahari, wanyama laini kama ute, na kumpanga kila mmoja kwa jamaa zake. Mmoja, mrefu kama kamba, alimpenda kupita wote.

"Huyu, mama, ni wengi walioshikana," alieleza. "Hawa wanaogelea, hawa wanakula, hawa wanazaa. Ukiwatenganisha, wanakufa."

Mama akasema hiyo ni familia, tena yenye adabu kuliko yetu.

Mwaka 2008 aliolewa na Silasi, wakajaliwa binti, Elieth.

Miaka sita Advera alibishana na wataalamu wenzake kwamba kamba yake ni aina mpya. Ni mmoja tu aliyepandishwa mzima kutoka mita elfu mbili chini. Wengine walikatikakatika njiani. Bila mwili wa kuonyesha, jina jipya halipiti. Pasaka hii alikuja likizo na huyo mzima, ndani ya chupa yenye dawa ya kumhifadhi, ili amalizie kumchora, maana hakumwamini mtu.

Alipofariki, chumba chake kilitolewa vyombo ili yatandikwe majamvi ya waombolezaji, kama ilivyo desturi. Kaka yake Mathias, anayewasomea wasifu huu, aliikuta chupa, akainusa, akadhani kilichomo kimeoza. Akakimwaga nyuma ya jiko, akaiosha chupa vizuri.

Alhamisi alifika Yoramu, aliyefanya kazi na marehemu.

"Pole sana, kaka. Ile chupa nitaondoka nayo, jina lipatikane."

"Ipo," Mathias akajibu.

Ipo, lakini tupu. Ndugu Yoramu, uliyeketi mstari wa pili, Mathias aliupekua ule udongo kwa vidole mpaka jioni, hakupata kitu.

Marehemu ameacha mume, binti, mama, na kaka aliyeshindwa kusema kweli mpaka jeneza lilipokuwa kati yake na wewe. Mungu ampe Advera pumziko jema.