Mkarafuu Uliostawi

Baraza ya Matar muuza kahawa, kule Ng'ambo ya Unguja, haikuwa ndefu. Ilichukua makalio matatu kwa raha na la nne kwa taabu. Kila siku baada ya sala ya alasiri waliikalia watu walewale, na majina waliyopewa na wazazi wao yalikuwa yamekwisha kusahauliwa na mtaa. Mzee Msabah aliitwa Redio, kwa sababu habari zote za dunia zilimpitia yeye kwanza, hata zile ambazo hazijatokea. Hija, aliyewahi kuwa tarishi wa korti, aliitwa Mahkama, na hakusema neno bila ya kulifunga kwa methali, ifae isifae. Jaku fundi baiskeli alikuwa Injinia. Wa nne alikuwa Makungu, mchongaji wa milango, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakupata kusema maneno ya kutosha kulichuma. Siku hiyo, mwaka wa hamsini na nne, Makungu alikuwa na kila sababu ya kufurahi, lakini alikaa uso umemshuka kama aliyefiwa.

– Hebu mtazameni, alisema Redio. Mtu kapewa cheti cha kwanza, kazi yake imetundikwa kwenye onyesho kule ukumbini, katikati ya ukuta, watu wanatoka Mkokotoni kuja kuitazama, naye kanuna!

– Mie nshakwenda mara mbili, alisema Injinia. Mikeka ya wale mabibi wa Makunduchi, mizuri. Yule aliyechora ndege kajitahidi, ingawa kunguru wake kanenepa. Lakini ule mkarafuu wa Makungu, mashallah! Umestawi mpaka nlitaka kutafuta ngazi nipande.

– Chanda chema huvikwa pete, alisema Mahkama.

– Leo umepatia, yakhe.

– Na akivuliwa nguo, huchutama.

– Ushaharibu.

Wakacheka wote isipokuwa Makungu. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Laiti wangeutukana ule mti! Tusi angeliweza kulivumilia.

Ukweli ni kwamba mti ule haukustawi hata kidogo. Lilikuwa ni tawi la mkarafuu wa mama yake kule Dole, wa mwisho kufa kati ya mikarafuu thelathini na miwili. Maradhi yaliingia shambani bila ya kupiga hodi. Mti ulioonekana Ijumaa hii una afya yake, Ijumaa ya pili umegeuka rangi ya kutu. Akapita bwana mmoja wa serikali na kofia yake, akatazama, akasema ni uvivu wa wenye shamba, hawapalilii. Mama yake Makungu, aliyepalilia mpaka mgongo ukapinda, aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, na mwaka haukumalizika akazikwa. Basi Wanu, dada yake Makungu, akamtafutia ubao wa mfenesi akamwambia, "Uchonge vilevile ulivyokufa. Nao waje wautazame, watwambie kama haya ni magugu." Miezi mitatu Makungu alikuwa akienda na kurudi Dole, Wanu akimshikia ubao. Akalichonga tawi linaning'inia, majani yamejikunja, makonyo ya karafuu, matupu, yanatazama chini. Tangu ashike patasi, haijapata kumtoka mkononi kazi kama ile.

Akaipeleka ukumbini. Mkubwa wa waliokuwa wakipokea kazi akaitazama, akatikisa kichwa. Onyesho lilikuwa la neema ya kisiwa; kitu kilichokufa hakina mahali. Akaanza kumrudishia ubao wake. Hapo Makungu, ambaye Redio alikwisha kuutangazia mtaa mzima kuwa kazi yake itatundikwa, akayasikia maneno yakitoka kinywani mwake: "Niwie radhi bwana, nimeushika kichwa chini. Huku ndiko juu." Akaupindua kwa mikono yake mwenyewe. Tawi likasimama likawa mti, majani yakaangalia mbinguni, makonyo yakawa kama kesho yatatoa karafuu. Bwana akatabasamu. Na Miraji, karani wa ukumbi, akaandika kibao: Mkarafuu Uliostawi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Kesho ubao ungetiwa sandukuni upelekwe Ulaya kuonyeshwa. Na Wanu alikuwa ameleta salamu kwamba anakuja na gari la shamba la leo leo, auone kabla haujaondoka.

– Mie najua kinachomkera, alisema Redio huku akiinua kikombe. Ni huo msafara wa Ulaya. Nimesikia huko kuna mashine, unaweka kazi ya mtu upande huu, upande wa pili zinatoka mia. Watachonga milango yote ya Unguja kwa siku moja, ya chuma!

– Ya chuma itashika kutu, alisema Injinia. Tatizo ni mbao. Mfenesi haukubali baridi. Ukifika kule kwenye barafu ubao utajikunja, watalifungua sanduku wakute duara. Au utachipua.

– Utachipua?

– Mbao ina roho, bwana we! Mie baiskeli moja ilikuwa na mpini wa mti...

– Baiskeli haina mpini wa mti.

– Ile ilikuwa nao.

Mahkama alikohoa, na kikohozi chake maana yake hukumu inakuja.

– Nyote mmekosa. Sikilizeni. Mzungu mnunuzi wa karafuu ataingia pale ukumbini kwao. Atauona mti wa Makungu. Atasema: aa, kumbe mikarafuu ya Unguja imestawi namna hii! Mbona wanatulilia kuwa inakufa? Basi bei itaanguka, na wenye mashamba hawatasaidiwa, wataambiwa waongo. Na yote hayo kwa sababu ya ubao mmoja. Ndiyo wazee wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Hiyo haihusu hata chembe! alipiga kelele Redio. Ah, Mahkama, leo umevuka mpaka. Ubao uangushe bei?

Wakamcheka mpaka Matar akalazimika kuliweka chini dele lake la kahawa asije akajiunguza. Makungu peke yake hakucheka. Kati ya upuuzi wote uliopata kusemwa juu ya baraza ile, huu ndio uliomchoma, maana hakuuona kuwa upuuzi. Alitamani aseme. Wangapi kati yao wangemwelewa? Wangesema, kwani hasara iko wapi, si umepata cheti? Akaimaliza kahawa yake kwa funda moja.

Kwa mbali, upande wa ukumbini, akamwona Wanu anakuja. Alimjua kwa mwendo wake wa haraka, buibui amelikusanya mkononi ili miguu ipate nafasi. Hakuja kutoka njia ya gari. Alikwisha kupita ukumbini kwanza.

– Shikamoo, Bi Wanu, alisema Injinia.

– Marahaba. Hamjambo?

– Hatujambo. Umeuona mti wa nduguyo? Umestawi, sivyo?

Wanu alisimama njiani, hakuikaribia baraza. Alimtazama Injinia, kisha Redio, kisha Mahkama, mmoja mmoja, kama anayetafuta aliye mzima kati ya wagonjwa.

– Makungu, alisema. Nani kaupindua?

Injinia akakishusha kikombe chake.

– Umepinduliwa? aliuliza Injinia taratibu. Kwani ule... umepinduliwa?

– Na nyie mlikwenda mkautazama, alisema Wanu. Hamjapata kuuona mkarafuu ukifa?

Mahkama, aliyezaliwa Mwera katikati ya mikarafuu, alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza methali haikumjia.

– Ni wao hao wa ukumbini, Redio alikurupuka. Wallahi ni wao! Wamefanya makusudi, nimesikia...

– Sikukuuliza weye, baba yangu, kwa heshima yako. Namuuliza huyu.

Makungu alikitazama kikombe. Angeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu, fupi kuliko jina lake.

– Sijui, dada.

– Hujui. Haya. Basi inuka twende tukawaambie. Ukumbi bado wazi, sanduku bado halijapigwa misumari, nimeliona. Waugeuze tu, kazi ya dakika moja. Usafiri kama ulivyo.

– Nnamalizia kahawa.

Wote wanne walikiona kikombe kuwa ni kitupu. Matar akageuza uso, akajishughulisha na makaa yake. Wanu alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kumaliza vikombe vitatu, macho yake kwa mdogo wake, na usoni hakuwa na hasira; ni kule kutumaini bado ndiko kulikomvunja Makungu kabisa.

– Basi ntakwenda mwenyewe, alisema. Yule karani anaonekana mtu mwema. Ntamuuliza yeye.

Akalikusanya buibui lake akarudi njia aliyojia.

– Mfuate, yakhe, alinong'ona Injinia. Dadako ati.

– Nitie kimoja, Makungu alimwambia Matar.

Matar alilipindua dele juu ya kikombe. Likatoka tone, la pili, kisha masimbi, mashapo ya chini.

– Imekwisha, alisema.

Miraji karani alikuwa mtu wa haki, hajapata kumdanganya mtu, na siku Makungu alipoupindua ubao alikuwa amesimama kando yake, kalamu mkononi. Wanu akimuuliza atamjibu, na huenda akamwonyesha na kwa mikono jinsi ubao ulivyozungushwa. Mpaka kwa muuza makuti Makungu angeweza kumwita na sauti ingemfikia. Mpaka kwenye bomba la maji angeweza kumkimbilia. Aliliona buibui likipita kwa muuza makuti, likapita kwenye bomba, likakata kona, naye amekaa palepale na kikombe chake mkononi.