Msumari wa Namba 64: Maisha ya Idwal Bebb, 1941–2024

Idwal Meurig Bebb alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1941, Mtaa wa Machimbo hapa Llanerfyn. Alikuwa kitinda mimba wa mzee Hywel Bebb, mpasua mawe ya kuezekea, na mkewe Catrin. Alisoma hapa hapa mjini, akaacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akajifunza useremala kwa mjomba wake. Machimboni hakwenda. Baba yake alikohoa vumbi tangu Idwal yungali mchanga, akaapa kwamba mapafu ya Bebb mmoja yanatosha.

Tarehe 4 Juni 1966 alifunga ndoa na Nest Parry katika kanisa hili hili la Seion. Nest alikuwa mfupi, mwenye ulimi, na alichora picha kwa rangi kwenye meza ya jikoni vyombo vikishaoshwa. Walijaliwa mtoto mmoja, Mererid.

Mwaka 1968 Idwal aliajiriwa katika jumba la makumbusho la mji wetu, kazi yake kutundika picha za maonyesho. Siku ya kwanza mkuu wa jumba alimkuta amemsimamisha mkewe ukutani, penseli mkononi.

"Bwana Bebb, na huyu ni picha?"

"Ni kipimo changu, bwana. Katikati ya kila picha iwe kwenye macho ya Nest. Akiona yeye, mji mzima utaona."

"Na warefu je?"

"Wainame," Nest akadakia. "Kanisani si wanainama?"

Basi kwa miaka thelathini na minane, picha zote za jumba lile zilitundikwa kwa kimo cha macho ya Nest Bebb.

Kila vuli palikuwa na maonyesho ya wazi. Yeyote aliyeshika brashi alileta kazi yake, waamuzi wakachagua. Zilizokubaliwa zilibandikwa karatasi nyekundu kwa mbele. Zilizokataliwa zilipangwa koridoni, uso ukutani, ili mwenyewe asiaibike, na ilikuwa mwiko kwa mtu mwingine kuzigeuza. Nest alianza kupeleka mwaka 1974. Mara kumi na tisa Idwal aliikuta picha ya mkewe koridoni, akairudisha nyumbani kwapani. Hakuwaambia waamuzi neno. "Ukiniombea, nakuhama," Nest alikuwa amemwonya.

Oktoba 1993 paa lilivuja. Mlinzi alizihamishia koridoni picha kadhaa zilizokubaliwa, akazigeuza uso ukutani zisidondokewe na maji. Asubuhi Idwal akaingia, akaitambua fremu aliyoichonga kwa mkono wake. Hakuigeuza. Aliitia guniani, akaenda nayo nyumbani.

"Na hii?" Nest akauliza.

"Na hii, mpenzi."

"Ishirini, Idwal. Basi. Hata mvua ya hapa kuna siku hukatika."

Akaisukuma ndani ya jiko la makaa, gunia na vyote. Idwal alisimama akitazama. Alhamisi barua ikaja: namba 64, "Mvua Juu ya Machimbo", imekubaliwa.

Barua hakumwonyesha. Alimwambia mkuu wa jumba kwamba picha imeharibiwa na maji, na jina likaondolewa kwenye orodha kabla haijachapishwa. Lakini alipotundika maonyesho yale aliupigilia msumari wa 64, akaacha nafasi yake tupu. Miaka yote iliyofuata ukuta ulipakwa chokaa upya, na msumari akauacha pale pale. Nest hakushika brashi tena, wala hakukanyaga jumbani. Idwal alistaafu mwaka 2006. Nest alifariki tarehe 3 Mei 2009, akiamini mji wake haukumtaka hata mara moja.

Machi 2023 jumba lilifungwa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo Idwal alikwenda na koleo, akaung'oa msumari.

Januari 2024 figo zilianza kumlemea. Hospitalini, Mererid akimnywesha chai kwa kijiko, Idwal alimsimulia yote, akamwambia barua iko chini ya sanduku la zana.

"Mwambie mama yako."

"Baba, mama hayupo. Miaka kumi na mitano sasa."

"Basi waambie Seion. Siku yangu isomwe. Msinisitiri."

"Kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

"Kila asubuhi nilisema leo. Akishateleka birika, nasema kesho."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa tisa alasiri.

Imesomwa, basi, kama alivyotaka. Nest Bebb alikubaliwa. Waamuzi walikuwa watatu, na wote watatu walisema ndiyo. Sasa sisi tunajua. Asiyejua ni yeye tu, na wa kumwambia amelala hapa mbele yetu.

Ameacha binti, Mererid, mkwe, Gethin, wajukuu wawili, Ifan na Lleucu, na dada yake, Bi. Luned. Atalazwa ubavuni mwa Nest. Msumari umo mfukoni mwa koti lake. Picha ya kutundikwa juu yake haipo.

Bwana ampe utulivu aliokosa jikoni kwake.